Kabla Hujabeba Bango

Kila yanapotangazwa maandamano makubwa hapa Marekani, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa wahamiaji wenzetu waliofika karibuni: twende au tubaki nyumbani? Tarehe 18 Oktoba 2025, siku ya yale ya kumpinga Trump yaliyoitwa “No Kings”, yaani hakuna wafalme, watu walijitokeza katika maeneo yapatayo 2,700 nchi nzima, na waandaaji walikadiria kwamba wote kwa pamoja walikaribia milioni 7. Ukitazama picha za umati kama ule unaweza kuamini kwamba siasa ya hapa ni kubeba bango siku moja, kupaza sauti, kisha Jumatatu kurudi kazini. Nimekaa kwenye kamati za mtaani muda wa kutosha kujua kwamba siku ile ndiyo sehemu nyepesi. Basi nawaandikia yale ninayowaambia wadogo zangu wakinipigia.

Tuanze na makaratasi. Katiba ya hapa, katika rekebisho lake la kwanza la mwaka 1791, inalinda haki ya kukusanyika kwa amani na kuipelekea serikali madai, na ulinzi huo hauishii kwa raia. Lakini haki ya kusema ni kitu kimoja, na usalama wa kubaki nchini ni kingine. Mahmoud Khalil, mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, aliyekuwa msemaji wa wanafunzi waandamanaji katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikamatwa Machi 2025 na kushikiliwa Louisiana hadi Juni bila kushtakiwa kosa lolote la jinai. Mwezi huo huo wa Machi alikamatwa Rümeysa Öztürk, mwanafunzi wa Tufts kutoka Uturuki, ambaye viza yake ilifutwa baada ya kuandika makala na wenzake kwenye gazeti la chuo. Mahakama ziliwaachia wote wawili wakiendelea na kesi, lakini wiki walizokaa ndani hazirudi. Na hata mambo yakipoa, fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa siku ya pili yake. Kwa hiyo mwenye viza, mwenye ombi la hifadhi na mwenye kadi ya kijani wazungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya maandamano, na kila mmoja apime mwenyewe. Msikubali mtu yeyote, hata mchungaji, hata mimi, awaite waoga.

Kuna mtego mwingine, na anayeutega hana nia mbaya. Kwenye maandamano yoyote utakutana na vijana wachangamfu walioshika ubao wa kuandikia, wanakusogelea wakitabasamu: umejiandikisha kupiga kura? Hawajui kama wewe si raia. Ukijaza ile fomu umetia sahihi kwamba ni raia, na hilo linaweza kukufungia mlango wa uraia, hata kukurudisha ulikotoka, ingawa kura yenyewe hukuipiga. Sahihi za kuitisha kura ya maoni nazo ni za wapiga kura walioandikishwa. Jibu “asante, bado sijawa raia”, uendelee na safari yako. Fedha za kampeni ni hivyo hivyo: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumchangia mgombea, mwenye viza haruhusiwi hata dola 5. Kujitolea bila malipo, kupika na kugawa vipeperushi, hilo halina neno.

Vibali nitavipitia haraka. Mkitembea kwenye njia ya waenda kwa miguu bila kumzuia mtu, kwa kawaida hamhitaji kibali. Mkitaka kufunga barabara au kuleta vipaza sauti vikubwa, ulizeni ofisi ya jiji mapema. Ofisa hawezi kuwanyima kibali kwa kuwa hapendi ujumbe wenu, wala kuwatoza ada kubwa zaidi eti kwa sababu wapinzani wenu watakuja kufanya fujo; Mahakama ya Juu ilishalimaliza hilo mwaka 1992. Kenya sheria inataka polisi waarifiwe kati ya siku 3 na 14 kabla, na tunajua jinsi kuarifu kunavyogeuzwa kuwa kuomba. Ndiyo maana wengi wetu tukifika tu kwenye maandamano ya hapa tunaanza kutafuta uchochoro wa kukimbilia. Si vibaya kuujua. Jueni pia wenye vizibao vya njano, ambao mara nyingi ndio wasimamizi, na wenye kofia za kijani za chama cha mawakili cha National Lawyers Guild, ambao huandika kinachotokea. Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu isiyofutika, maana ukikamatwa simu huchukuliwa. Polisi wakitangaza mtawanyike, tawanyika.

Sasa kazi yenyewe. Anayetaka kujua jinsi watu wa vyama vinavyochukiana wanavyoweza kusimama mstari mmoja, namtuma kwa walimu wa West Virginia, mwaka 2018. Jimbo hilo lilimpa Trump takriban asilimia 68 ya kura mwaka 2016, na walimu walikuwamo pande zote: waliompigia yeye, waliompigia Clinton, waliokuwa na hasira na wote wawili. Mishahara yao ilikuwa miongoni mwa ya chini kabisa nchini, na gharama ya bima ya afya ya watumishi wa umma ilikuwa ikipanda. Juu ya hayo ikaja programu ya simu ya kuhesabu hatua na kufuatilia afya, na asiyeshiriki akatwe dola 25 kila mwezi. Hebu mfikirie mwalimu anayekaribia kustaafu, aliyeshinda kutwa amesimama ubaoni, anaambiwa simu yake ithibitishe kwamba ametembea. Hapo hakuna wa Trump wala wa Clinton.

Programu ile iliondolewa, lakini watu walikuwa wameshaamka. Tarehe 22 Februari shule zikafungwa katika kaunti zote 55, ingawa sheria ya jimbo haiwaruhusu walimu kugoma. Kabla ya kutoka walifanya jambo ambalo mimi naliweka juu ya hotuba zote: walijiuliza watoto watakula nini. West Virginia ni jimbo maskini, na watoto wengi mlo wao wa uhakika ni ule wa shuleni. Walimu, wapishi na madereva wa mabasi wakafunga mifuko ya chakula, wakashirikiana na makanisa na maghala ya msaada, na chakula kikawafikia watoto. Mzazi aliyekosa pa kumwacha mwanawe ana kila sababu ya kukasirika, lakini mfuko wa chakula ukitoka kwa mwalimu yule yule aliyegoma, hasira inakosa pa kukaa.

Tarehe 27 Februari gavana Jim Justice na viongozi wa vyama vya wafanyakazi walitangaza nyongeza ya asilimia 5 na kuwataka watu warudi kazini. Wakakataa. Walitaka kuiona imesainiwa, na walitaka suala la bima lishughulikiwe. Baraza la Seneti la jimbo likajaribu kuipunguza iwe asilimia 4. Wao wakabaki nje hadi tarehe 6 Machi, gavana aliposaini asilimia 5 kwa watumishi wote wa umma, hata wasiojua chaki ni nini. Kama nyongeza ile ingekuwa ya walimu peke yao, karani wa ofisi ya barabara angebaki na kinyongo, na kinyongo hicho mwanasiasa yeyote angejua pa kukitumia.

Hapo ndipo huwa nagombana na wenzangu kwenye kamati. Kila tukiandika tamko, yupo anayetaka ndani yake iingie mipaka, bunduki, utoaji mimba, vita vya nje na kodi ya nyumba, yote kwenye ukurasa mmoja. Yote yana uzito. Lakini kila mstari unaoongezwa unamtoa mtu aliyekuja kwa ajili ya mstari wa kwanza. Sisi wahamiaji tunalijua hili kuliko tunavyokiri: wengi wetu imani zetu zinatusogeza kwa Warepublikan, suala la uhamiaji linatusukuma kwa Wademokrat, na ukitudai tukubaliane na kila kipengele cha upande mmoja utabaki na watu wachache sana ukumbini.

Florida waliishika kanuni hiyo Novemba 2018. Desmond Meade, aliyewahi kufungwa na kukosa makazi kabla ya kusomea sheria, aliongoza harakati za kuwarudishia haki ya kura waliomaliza vifungo. Mwenzake wa karibu alikuwa Neil Volz, Mrepublikan aliyewahi kuwa msaidizi katika Bunge la Washington na kutiwa hatiani kwenye kashfa ya ufisadi. Hawakupoteza muda kubishana ni chama gani kitafaidika. Walizungumzia deni: aliyelipa amelipa. Walihitaji sahihi 766,200 swali liingie kwenye karatasi ya kura, na asilimia 60 ya kura lipite. Likapata zaidi ya 64, katika uchaguzi ule ule uliompa ugavana Mrepublikan. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaamua kwamba mtu hajamaliza adhabu mpaka alipe faini na ada zote za mahakama, na wengi wakajikuta nje tena. Harakati ikageuka ikaanza kuchangisha fedha za kuwalipia. Kwa hiyo mtu akikwambia tumeshinda, muulize bunge linakutana tena lini.

Kuchangisha, kwa bahati nzuri, ni fani yetu. Mgomo wa Montgomery, Alabama, ambapo Wamarekani weusi walikataa kupanda mabasi kwa sababu ya ubaguzi, ulidumu siku 381, kuanzia Desemba 1955, na dunia inawakumbuka Rosa Parks na Martin Luther King. Wachache wanamtaja Georgia Gilmore, aliyekusanya akina mama wakapika kuku, keki na pai wakauza, fedha zikaenda kwenye magari yaliyowabeba watu kazini badala ya mabasi. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa wazungu, wangefukuzwa wakijulikana. Kikundi wakakiita klabu isiyotoka kokote, ili mtu akiulizwa fedha zimetoka wapi ajibu bila kusema uongo: hazikutoka kokote. Mliolelewa kwenye chama cha kuchangiana, vikoba, upatu au likelemba, mliozoea kuzika mtu kwa michango ya usiku mmoja, mna ujuzi ambao kamati nyingi za hapa wanaajiri mshauri kuufundishwa. Msikae nyuma mkisubiri Kiingereza kinyooke.

Kikao cha baraza la jiji nacho kina adabu yake. Unajaza kadi kabla hakijaanza, unaitwa jina (watalitamka vibaya, usipoteze sekunde kulisahihisha), na kwa kawaida unapewa dakika 2 au 3. Mahali pengi kuna taa: kijani, njano, nyekundu. Ikiwaka nyekundu wanaweza kukuzimia kipaza sauti katikati ya neno. Sisi tunapenda kusalimu, kumshukuru mwenyekiti, kumshukuru Mungu na kueleza tulikotoka, na hapo dakika ya kwanza imeshaondoka. Anza na unachotaka: naomba mpige kura ya hapana kwenye hoja fulani. Kisha taja mtaa unaoishi, kisha kisa kimoja. Nilimwona mama mmoja Mkongo, Kiingereza chake bado cha kuokoteza, akainua bili mbili za maji, akasoma kiasi cha mwezi uliopita, akasoma cha mwezi ule, akaketi. Hakumaliza hata dakika. Diwani aliyekuwa akichezea simu wakati wa wataalamu waliotangulia alishika kalamu akaandika.

Jirani mwenye bendera ya mgombea usiyempenda, mwendee na jambo lenu la pamoja: shimo barabarani, basi la shule linalochelewa. Kuna kikundi kiitwacho Braver Angels kilichoanzia South Lebanon, Ohio, Desemba 2016, kwa kuwakalisha pamoja wafuasi wa Trump na wa Clinton. Wanalo zoezi ninalolipenda: kila upande unaorodhesha mambo mabaya unayodhaniwa, unaeleza ukweli ulivyo, kisha unakiri ni chembe gani ya kweli imo ndani ya dhana ile. Upande wa pili unasikiliza tu. Nadhani linasaidia, ila mimi naamini zaidi katika watu waliowahi kubeba viti pamoja baada ya mkutano. Na akianza kukuuliza kwa nini watu wa nchi yako wanakuja huku, usimjibu kwa hasira wala kwa kujidhalilisha. Mara nyingi hajawahi kumuuliza mtu yeyote.

Simu kwa ofisi ya mbunge pigeni, hata msio raia; ninyi pia ni wakazi wa jimbo lake la uchaguzi. Atapokea kijana wa mafunzo kazini. Sema jina, sema mtaa na namba ya posta, sema muswada gani na unataka nini, uage. Kumpigia mbunge wa jimbo lingine ni kupoteza muda; atakuuliza unaishi wapi na hapo mazungumzo yamekwisha.

Na ukija kwenye mkutano wa kwanza, mwishoni itapitishwa karatasi yenye safu: simu, mlango kwa mlango, watoto, chakula, usafiri. Kila mgeni huandika jina kwenye safu ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono. Kama una gari, andika kwenye usafiri. Hiyo ndiyo hukaa tupu.