Nyuroblastoma: kabla hujauliza "atapona?"

Tumbo la mtoto wa miaka miwili likivimba, mitaani neno la kwanza ni minyoo, la pili bandama. Mara nyingine ni kweli. Lakini uvimbe mgumu, wenye vinundu, uliovuka kitovu kwenda upande wa pili, na mtoto kapauka, hataki tena kusimama, huo hautaki dawa ya minyoo. Wala msimpeleke kukandwa: uvimbe wa namna hiyo ukibinywa unaweza kuvuja damu ndani.

Nyuroblastoma ni saratani ya watoto; huanzia kwenye seli changa za neva, aghalabu katika tezi iliyokaa juu ya figo, au kandokando ya uti wa mgongo. Ikifika mifupani mtoto huchechemea na kulia usiku. Ikifika nyuma ya jicho, kope hupiga weusi kama aliyepigwa ngumi, na hapo wiki nzima hupotea kwa kutafuta nani kampiga au husda ya nani. Maumivu ya mifupa nayo hudhaniwa siko seli, homa ikaitwa malaria. Malaria Unguja na Pemba imepungua sana. Kipimo kikisema hakuna, usimeze dozi, tafuta sababu nyingine. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukifunga, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, maana uti wa mgongo unabanwa.

Sasa swali lenyewe: atapona? Jibu lake hutoka kwenye mambo matatu: umri, ugonjwa ulipofika, na jeni ya uvimbe iitwayo MYCN, ambayo ikijirudufu sana ugonjwa huwa mkali. Mpaka wa umri ni miezi 18; chini yake matumaini ni makubwa zaidi. Mtoto mchanga mwenye uvimbe mdogo anaweza kufuatiliwa kwa ultrasaundi tu, nao ukanywea wenyewe. Katika makundi ya hatari ndogo na ya kati, kwenye tiba kamili, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 huishi. Aliyepita miezi 18 na ugonjwa uko mifupani ni wa hatari kubwa. Huyo hata katika nchi tajiri uwezekano ni kama nusu kwa nusu, tena kwa tiba ndefu: kemo (dawa kali za kuua saratani), operesheni, kemo kali zaidi inayofuatiwa na kurudishiwa seli zake mwenyewe za kutengeneza damu, mionzi, kingamwili za GD2 (dawa inayozinasa seli za saratani), na dawa ya kumeza iitwayo isotretinoini. Kwetu si zote zinapatikana. Muulizeni daktari mapema, kabla hamjauza shamba la mikarafuu: mtoto yumo kundi gani, na zipi kati ya hizo zipo?

Kwa kawaida njia ni Mnazi Mmoja hapa Unguja, kisha Muhimbili kule Dar es Salaam, na mionzi Ocean Road huko huko. Chukueni picha za siti skani zenyewe, siyo ripoti peke yake. Kama kinyama kilishakatwa, ombeni na sampuli yake, asije mtoto akakatwa mara ya pili. Mkojo upimwe kabla ya kemo ya kwanza; uvimbe huu humwaga ndani yake kemikali zinazousaidia kutambulika.

Penye hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani ni baada ya kemo. Baina ya siku ya 7 na ya 14 hivi chembe nyeupe za damu hushuka kabisa, na maambukizi madogo huua kwa saa chache. Kwa hiyo mtu wa Micheweni au Mkoani asipande boti kurudi Pemba siku hizo bila ruhusa. Nunueni kipimajoto cha kwapani. Homa ikifika 38, nendeni hospitali saa hiyo hiyo; msimpe panadoli mkangoja asubuhi, maana itashusha homa na kuuficha ugonjwa; wala msitie dawa ya njia ya haja kubwa. Kufunga choo baada ya vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, ni jambo la kawaida, semeni mapema mpewe dawa ya kunywa. Sisplatini, nayo dawa ya kemo, huweza kuharibu masikio, basi ombeni kipimo cha usikivu.

Kosa jingine: uvimbe hunywea baada ya kozi mbili, mtoto anacheza, watu wanarudi nyumbani. Seli zilizobaki kwenye uboho hazionekani kwa jicho.

Na kila mnaporuhusiwa, ombeni barua ya hospitali iliyo karibu na nyumbani, iandikwe wazi: mtoto yuko kwenye kemo, homa ikifika 38, antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja.