Wakulima 15 wa zabibu wanatosha?
Umeuliza kama kuwahoji wakulima 15 kunatosha kwa utafiti wako. Wanatosha, ndugu, kama utafiti wako ni wa kimaelezo, yaani unatafuta sababu na simulizi za watu, si takwimu. Fomula ya Yamane aliyokutajia mwenzako, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuwahoji, ni ya utafiti wa kitakwimu: ukiwa na wakulima 1,200 na kosa la asilimia 5 inakupa 300, kwa sababu hapo unataka kukadiria kiwango cha jamii nzima. Kwenye mahojiano ya kina unaacha pale wasimulizi wapya wanapoanza kurudia yaleyale.

Nimekusanya data Hombolo, huko Dodoma, kwa njia zote mbili. Hojaji ilinipa kilo na bei, basi. Sababu ya kuuza kwa hasara niliipata kwa mama mmoja aliyenishika mkono hadi kwenye ndoo zake, zabibu za chini zimeshapasuka na nyuki wamejaa: mnunuzi hakutokea, na zabibu iliyoiva haikungoji. Dodoso langu halikuwa na kisanduku cha jambo hilo.

Ila kwa watu hao 15 usije ukaandika "asilimia 60 ya wakulima wa Dodoma". Hapo msimamizi atakurudisha, na atakuwa sahihi.