Anti, kuangalia picha za mastaa kuna ubaya gani?

SWALI: Shikamoo anti. Mie napenda sana picha za mastaa, hasa zile za kunaswa, mtu katoka gym au kagombana na mpenzi wake barabarani, yani asubuhi kabla sijanawa uso nishashika simu kuangalia leo kanaswa nani. Sasa mume wangu anasema eti nachangia kunyanyasa watu. Mi naona ukishakuwa staa umekubali mwenyewe, si wanatajirika kwa sisi kuwatazama? Nani yuko sahihi hapo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo yuko sahihi, ila sio kwa picha zote. Staa akipita kwenye zulia jekundu kajipamba, kasimama mwenyewe apigwe, hapo we tazama mpaka uchoke, ndo kazi yake. Shida ni hizo za kuvizia. Mpiga picha anajibanza kwenye gari masaa na masaa, staa akitoka anamvaa na flashi usoni, akimwona katulia tu wapo wanaoanza kumtukania mke au mama yake ili apandishe hasira, maana sura ya hasira ina bei kuliko sura ya mtu anaenda zake dukani. Halafu sisi tunaiona tunasema huyu naye ana roho mbaya!

Na hilo la kukubali mwenyewe silikubali. Jackie Onassis hakuwa muigizaji wala mwimbaji, alikuwa mjane wa rais wa Marekani, lakini mpiga picha mmoja, Ron Galella, alimwandama yeye na wanawe mpaka 1972 mahakama ikaamuru akae mbali nao. Binti mfalme Diana wa Uingereza ndo usiseme, alikufa Paris 1997 gari lao likifukuzwa na wapiga picha, na ni kweli dereva alikuwa amelewa, ila 2008 baraza la mahakama kule Uingereza lilitaja yote mawili, uzembe wa dereva na uzembe wa waliokuwa wanawafukuza.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Waigizaji Halle Berry na Jennifer Garner walienda wenyewe mbele ya wabunge wa jimbo la California, Marekani, kueleza watoto wao wanavyovamiwa, na 2013 ikapita sheria ya kumfunga hadi mwaka mmoja anayemsumbua mtoto kwa sababu ya kazi ya mzazi wake. Mtoto wa chekechea yeye alikubali lini?

Sasa wewe ukifungua picha, tovuti inahesabu, tangazo linalipa, na kesho inanunuliwa nyingine ya hivohivo, hapo ndo mchango wako ulipo. Kwahiyo kabla hujabonyeza angalia kwanza, huyu anajua anapigwa? Ukiona kaziba uso kwa mkono au kamfunika mtoto na koti, pita, na usimrushie shoga yako. Zulia jekundu endelea nalo, na mumeo mwambie nimesema asikunyime hilo.