Mwanangu, gari bovu linamfaa msafiri

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na imenifurahisha kuliko unavyodhani. Unasema kazi mpya itakutoa nyumbani wiki mbili kati ya kila tatu, na papo hapo umepata Volkswagen Beetle ya 1968 ambayo mwenyewe yuko tayari kukuachia. Imekaa miaka chini ya turubai na injini haizunguki. Kisha ukauliza: "Mama, wewe uliwezaje vyote viwili? Mtu anayeshinda barabarani anaweza kweli kufufua gari la zamani, au nitaishia kuwa na chuma chakavu uani?"

Unaweza. Tena nitakuambia jambo ambalo rafiki zako watalipinga: msafiri anaweza kulifufua gari la zamani vizuri kuliko mtu anayelala kwake kila siku. Kazi ya gari la namna hiyo ni ya aina mbili, kazi ya mikono na kazi ya kusubiri, na watu wengi hushindwa na hiyo ya pili. Bolti iliyoshikwa na kutu inataka kulowekwa. Prima inataka kukauka hadi ndani. Krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ikipelekwa kuchongwa hurudi fundi akimaliza, si kabla. Aliyepo nyumbani kila jioni anaiona ile bolti, mkono unamwasha, anailazimisha, inakatika. Sasa ana kazi ya kutoboa na kuchonga uzi upya, kazi ambayo haikuwepo jana. Wewe utakuwa mbali, na oili itaendelea kupenya bila ya kuwa na mtu wa kuisumbua.

Kwa hiyo panga hivi: kabla ya kuondoka, anzisha yale yanayohitaji muda, ukirudi, fanya yale yanayohitaji mikono. Mimi nilipokuwa nazunguka kutengeneza friji za chanjo, ile Beetle yangu ya kijani niliifufua kwa utaratibu huo, na sikuona kwamba safari zilinichelewesha.

Chukua hiyo injini yako iliyokwama. Usiisukume gari na gia ikiwa ndani, wala usijaribu kuipiga stata. Toa plagi zote nne. Silinda za Beetle zimelala, mbili kila upande, basi oili ya kulegeza kutu utakayomimina itatulia upande wa chini wa pistoni. Mimina kiasi kila silinda, ziba matundu kwa kitambaa safi, nenda zako kazini. Ukirudi ongeza. Siku ukiwa na nafasi, weka spana ya 30 kwenye bolti ya puli ya krenki uijaribu taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ukihisi imesogea japo kiasi cha unene wa ukucha, acha, ongeza oili, iache tena. Injini iliyokwama kwa sababu ya kukaa tu mara nyingi huachia kwa njia hii. Isipoachia, ishushe, inashikwa na bolti nne kwenye boksi la gia, na watu wawili wenye jeki nzuri wanaitoa bila taabu.

Lakini kabla ya injini, kuna jambo lenye uzito zaidi, nami nakuomba ulifanye kabla hujamwambia mwenyewe kwamba unalichukua. Piga magoti kando ya mlango uangalie ule mkanda wa bodi uliopo chini yake, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ndani ni mfereji unaopitisha hewa ya moto ya kupasha gari joto, na huo mfereji ndio pia mfupa wa gari. Bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, na nguvu kubwa ya pande zote mbili imo mle. Chukua bisibisi butu uubonyeze mkanda huo hatua kwa hatua. Palipo pazima patakurudishia mlio mkavu wa chuma. Palipooza, mlio unakufa, rangi inapasuka, na bisibisi inazama. Rangi inaweza kuwa inang'aa juu huku chini hakuna kitu. Kisha inua kiti cha nyuma uangalie upande wa kulia, betri inapokaa: asidi hula sakafu pale kuliko mahali pengine popote. Angalia na shimo la tairi la akiba kule mbele.

Kama mifereji imeoza pande zote mbili, ujue unanunua kazi ya kuchomelea kwanza, gari baadaye. Si sababu ya kukataa. Ila fundi wa kuchomelea asikate mfereji kabla milango haijafungwa vizuri na bodi kuwekewa mihimili ya ndani ya kuizuia isilegee. Akikata bila hivyo bodi inajikunja, na milango haitafunga tena maisha yake yote. Nimeyaona magari mawili matatu yaliyopakwa rangi nzuri sana, ukifungua mlango unauinua kwa mkono ndipo ufunge.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndilo linaloua miradi ya wasafiri: usilifumue gari lote. Najua hamu ya kuona bodi tupu na vipande vyote vimepangwa sakafuni. Anayebaki nyumbani anaweza kuthubutu, kwa kuwa kesho bado anakumbuka waya ule ulipita wapi. Wewe utarudi baada ya wiki mbili kichwa kimejaa mambo ya kazi, na utakuta sanduku la nati usizozijua. Fungua kundi moja tu. Magurudumu ya mbele na breki zake. Ukimaliza, rudisha, funga, ndipo uende kundi jingine. Ikibidi uondoke katikati, kila kitu kiingie kwenye mfuko wake na karatasi ndani yake: kimetoka wapi, upande gani, bolti ipi ilikuwa ndefu. Hukumbuki, lakini mifuko mingi ya ile Beetle yangu ilikuwa na mwandiko wako, ndio kwanza unajifunza kuandika. "Kushoto juu." Bado ninayo michache.

Breki ziwe za kwanza, kabla ya injini kuwaka. Gari lisilowaka halimdhuru mtu. Gari linalowaka halafu halisimami linaua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo huozesha masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, na silinda ndogo za magurudumu kutoka ndani. Mipira ya zamani inayopitisha mafuta ya breki huvimba ndani hata kama nje inaonekana nzima. Utakanyaga, breki itashika, kisha itakataa kuachia. Usiisafishe hiyo mipira uirudishe, weka mipya yote. Kwa Beetle vipuri hivi vinapatikana, na sababu ni ya wazi: yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Huenda umechagua gari la zamani lililo rahisi kuliko yote kulipatia vipuri.

Mambo mawili yanayohusu moto, nayo sitaki uyaahirishe. Mipira ya petroli iliyopo karibu na injini uibadilishe yote kabla hujawasha hata mara moja, pamoja na vibanio vyake, kwa sababu petroli ikivuja kule nyuma inadondokea kwenye injini yenye moto. Na ile betri chini ya kiti cha nyuma lazima iwe na kifuniko chake. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri mtu akikaa, kiti kinawaka. Wakati ukiwa hapo soma betri ni ya volti ngapi. Volkswagen walianza kuhamia volti 12 kwenye modeli za 1967, lakini si zote kwa mkupuo, na baadhi ya zile zenye injini ndogo ya 1200 ziliendelea na volti 6. Usinunue balbu wala stata kwa kukisia.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, na nitafurahi siku ukiifanya, ni kuseti tapeti, yaani kurekebisha ile nafasi ndogo kati ya valvu na skrubu inayoisukuma. Beetle inataka injini iwe baridi kabisa, imelala usiku mzima, kwa hiyo inamfaa aliyefika jana jioni kutoka safari. Fungua kifuniko cha valvu upande wa silinda ya kwanza. Zungusha puli hadi alama yake ikutane na mshono wa injini, na rota ya distribyuta, kile kigawa umeme wa plagi, iangalie ule mkato mdogo ulio ukingoni. Hapo valvu zote mbili za silinda ya kwanza zimefungwa. Ingiza fila geji, kibati chembamba cha kupimia, ya milimita 0.15 kati ya skrubu na ncha ya valvu. Isipite bure wala isikwame. Mkono uhisi inavutwa kidogo, basi. Kaza nati ya 13 huku umeishika skrubu kwa bisibisi, kisha pima tena, kwa sababu nati inapokaza hupenda kuigeuza skrubu pamoja nayo. Zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, uko silinda ya pili, halafu ya tatu, halafu ya nne. Ukimaliza mikono ina oili hadi kiwiko na kichwa kimetulia kabisa. Sijapata kitu kingine kinachonitoa safari mwilini kama hicho.

Oili ni lita mbili na nusu tu, na injini hiyo haina filta ya oili kama magari ya leo. Ina chujio la waya chini, basi. Ndiyo maana oili hubadilishwa mapema, kila kilomita 5,000 hivi. Na kwa kuwa haina maji, kinachoipooza ni feni inayozungushwa na mkanda uleule wa dainamo. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka unapoendesha, usiseme ni umeme tu nitafika. Simama hapohapo uangalie mkanda. Ukikatika, feni haizunguki, na injini itajipika mwenyewe. Mkanda wa akiba na spana yake vikae garini siku zote.

Nije kwenye upande wa kazi yenyewe, maana swali lako lilikuwa na pande mbili, na huu wa pili uliuandika kwa mstari mmoja tu.

Friji ya chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Nilipoitwa kwenye friji iliyoharibika, kabla ya kugusa spana nilisoma kwanza karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni: joto lilipanda lini, saa ngapi, umeme ulikatika lini. Mara nyingi ugonjwa ulikuwa umeshaandikwa pale. Tabia hiyo ichukue nyumbani. Kila unapoliacha gari, andika mstari mmoja kwenye daftari: nimefikia wapi, kinachofuata ni nini, nimuulize nani. Utaandika dakika mbili. Usipoandika, siku nzima ya kurudi inakwisha ukitafuta ulipoachia.

Usiendeshe usiku baada ya siku nzima ya kazi, hata kama kesho ni likizo na nyumbani ni karibu. Sheria za Ulaya zinamlazimisha dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na huyo ni mtu ambaye kuendesha ndiyo kazi yake. Wewe utakuwa umeshachoka kabla hujashika usukani. Lala, uondoke alfajiri.

Na siku ya kwanza ukirudi si ya gari. Hili naliweka mbele ya breki na mifereji na kila nilichokwisha kuandika. Mkamwana wangu atakuwa ameyabeba yote peke yake kwa wiki mbili, na mjukuu wangu atakuwa amejifunza jambo jipya analotaka ulione. Ukifika na kwenda moja kwa moja kuliondoa turubai, utakuwa umerudi mji ule lakini hujarudi nyumbani. Mimi na baba yako tulikubaliana mapema: siku ya kwanza yote ni yao, siku ya pili asubuhi ni ya kulala na kufua, mchana naweza kushika spana. Hatukuyaacha yajipange yenyewe, tuliyasema. Nanyi kaeni myaseme kabla hujasaini mkataba, pamoja na saa ya kupiga simu kila jioni ambayo haitasogezwa kwa kikao chochote.

Gari lenyewe usilitumie kwa safari za kazi, angalau mwaka wa kwanza tangu liwake. Lizoeshe safari fupi, karibu na nyumbani, ukiwa na siku ya ziada mkononi. Gari la zamani lililofufuliwa huonyesha kasoro zake katika kilomita za mwanzo: mshono unaovuja, nati iliyolegea, waya unaokwaruzwa. Ukiwa na haraka ya kikao hutasimama kuzisikiliza.

Kesho kabla ya kazi nenda na bisibisi na tochi. Nipigie picha mifereji yote miwili, sakafu chini ya betri, na namba ya chesisi, ambayo imepigwa kwenye ule mgongo wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Hakikisha inalingana na karatasi zake. Usilipe chochote hadi nimeziona.

Mama yako akupendaye