Kijishamba cha kulungu msituni: mbegu ni jambo la mwisho

Kijishamba cha kulungu ni kipande kidogo unachopanda chakula ili kulungu waje kula, nawe mwindaji uwasubiri hapo. Kila Julai hapa jimbo la Michigan, Marekani, maduka ya pembejeo hujaza rafu zao mifuko ya mbegu yenye picha ya dume la kulungu na maneno makubwa: inaota kivulini, haihitaji kulima. Bei inauma. Geuza mfuko usome lebo ya nyuma, kwa sababu sheria inawalazimisha waandike kilichomo. Mara nyingi utakuta sehemu kubwa ni nyasi ya rai ya bei rahisi, na uzito mwingine ni vumbi lililopakwa juu ya mbegu. Hakuna zao la kulungu linalopenda kivuli. Yapo yanayokivumilia, basi.

Ndugu kadhaa wa mji wa Grand Rapids ninaofahamiana nao wameanza kuwinda, na mmoja wao akishapata mtu wa kumruhusu kutumia kipande cha msitu, swali lake la kwanza huwa ni apande nini. Mimi nina vijishamba kwenye msitu wa mkwe wangu, kila kimoja thumni ya ekari, kama mita za mraba 500. Jibu langu halibadiliki: kwanza mwanga, pili chokaa, mbegu baadaye.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la utosini. Huku, latitudo ya 43 kaskazini, jua halifiki utosini hata siku moja. Mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima. Mwishoni mwa Septemba, hata likiwa juu kabisa, mti wa futi 60 hutupa kivuli cha futi 60 hivi kuelekea kaskazini. Kwa hiyo wezi wako ni miti iliyo kusini mwa kijishamba. Ile ya kaskazini iache isimame, haikudhuru sana. Nimeona watu wakikata pande zote nne sawasawa, wanamaliza nguvu na kivuli bado kipo.

Kabla hujakata, nenda siku ya jua mwezi Juni, simama katikati ya eneo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, uangalie chini. Klova nyeupe, mmea mfupi wa malisho ambao kulungu huupenda, inataka angalau saa nne hivi za jua la moja kwa moja kwa siku. Kama unachoona ni vidoa vya mwanga vinavyochezacheza tu, hapo hapatoshi. Kangaga zikitanda, ujue kivuli ni kizito, na mara nyingi udongo nao ni mchachu.

Mimi huanza kuondoa miti ya mepo nyekundu na bichi. Visiki vya mepo huchipua, na kulungu huyapenda sana machipukizi yake, kwa hiyo usivipige dawa. Mwaloni mweupe siugusi. Kokwa zake hazina uchungu kama za mwaloni mwekundu, na zikianza kudondoka Septemba, kulungu wataiacha klova yako wazifuate. Bora wazifuate pembeni mwa shamba lako kuliko kwa jirani. Na kama hujafundishwa kutumia msumeno wa mnyororo, mlipe anayeujua. Mti ulioegemea mwenzake hauulizi wewe ni mwenyeji au mgeni.

Sasa chokaa. Udongo wa msituni huku kuwa na pH ya 5 si ajabu (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi), na klova inataka 6 hadi 7. Chokaa ndiyo huipandisha. Ukimwaga mbolea kwenye uchachu huo unamwaga hela. Huduma ya ugani ya Michigan State University hupima udongo na kukueleza chokaa kiasi gani kwa ekari. Tuseme wamekwambia tani 2. Tani ya Marekani ni pauni 2,000, kwa hiyo thumni ya ekari inakula pauni 500: mifuko 12 na nusu ya pauni 40. Trekta haifiki. Ni toroli, mifuko miwili miwili, gurudumu linakwama kwenye mzizi kila hatua chache, na chokaa inayovuja inakuingia shingoni ikichanganyika na jasho. Nunua ya punje. Ya unga itaishia usoni kwako. Uimwage mapema, theluji ikishayeyuka, na uichanganye juujuu na udongo, maana chokaa hufanya kazi kwa miezi, si kwa siku.

Kupanda kwenyewe ni kazi fupi. Kati ya katikati ya Agosti na mwanzo wa Septemba, mvua ikiwa njiani, kwangua majani na magugu mpaka udongo uonekane. Mwaga rai ya nafaka, ile ya kutengenezea mkate, pauni 12 hadi 15 kwa thumni ya ekari, uipitishie reki. Rai haina maringo, hata kwenye uchachu inaota. Juu yake mwaga pauni moja ya klova nyeupe iliyokwishapakwa bakteria wa mizizi. Mbegu yake ni ndogo kuliko ulezi, usiifukie, ikanyage tu kwa viatu. Zungushia waya kipande cha futi tatu kulungu wasifike. Hapo ndipo utakapojua kama klova inaliwa au haioti kabisa.

Halafu Oktoba msitu mzima unadondosha majani. Yakilala juu ya miche na kulowa, kila kitu kinaoza chini. Beba mashine ya kupuliza majani, nenda saa za mchana kulungu wakiwa wamelala, na urudie kila wiki mpaka miti ibaki mitupu.

Magharibi mwa Michigan upepo mwingi hutoka magharibi, kwa hiyo ulingo wangu uko mashariki mwa kijishamba, harufu yangu isiwafikie kulungu. Upepo ukigeuka, baki nyumbani. Kijishamba kidogo hakivumilii kukaliwa kila jioni. Kulungu wakikushtukia mara chache tu, watakuwa wanakuja usiku. Fikiria pia utashukaje gizani wakiwa bado wanakula chini yako. Mimi humpigia mkwe wangu aje na gari, kwani gari wamelizoea.

Sheria isikuponyoke. Tangu 2019 ni marufuku kumwaga chambo, mahindi yakiwemo, kwenye Rasi ya Chini ya Michigan (sehemu ya kusini ya jimbo), kwa sababu ya ugonjwa wa kukonda wa kulungu uliogunduliwa huku kwa wanyama wa porini mwaka 2015. Zao lililopandwa na kuota si chambo, lakini mahindi ya gunia ukiyamwaga juu yake ni kosa. Kanuni hubadilika, soma za mwaka husika. Aliyezaliwa kuanzia 1960 anahitaji cheti cha usalama wa uwindaji ili apate leseni ya kawaida. Msimu wa upinde huanza tarehe 1 Oktoba, wa bunduki tarehe 15 Novemba, na katika huo wa bunduki mwindaji huvaa rangi ya chungwa iliyokoza.

Machi, usiku ukiwa bado unaganda na mchana unayeyuka, chukua robo pauni ya klova uimwage kwenye mabaka yaliyobaki wazi. Nyufa za barafu zitaimeza zenyewe, reki iache stoo.