Usisaini fomu ya opresheni kabla hujaelewa

Nafanya kazi wodi ya upasuaji hapa Kenya na hii kitu naiona sana, mgonjwa anapewa fomu, anaonyeshwa pa kuweka sahihi, anasaini, halafu jioni ananiita polepole, "Sista, kwani kesho wananitoa nini?" Sahihi iko kwa faili tayari lakini huyo mtu amekubali nini sasa kama hajui?

Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inataka mhudumu akueleze hali yako, matibabu yaliyopo, faida, hatari, gharama, na pia kwamba unaweza kukataa na ukikataa itakuwaje. Na akueleze kwa lugha unayoelewa. Kama nyanya anaongea Kigiriama tu atafutiwe mtu mzima wa kumtafsiria vizuri, sio kajukuu ka darasa la tano kaanze kueleza mambo ya tumbo la uzazi.

Kwa hivyo kabla ushike kalamu, omba daktari mwenyewe atakayekupasua aje akuambie, sio yule aliyetumwa kuleta fomu. Muulize anatoa nini, kama kuna njia nyingine, usipofanya itakuwaje, na hatari kubwa ni gani. Mimi huwaambia wagonjwa wangu, "Haya mama, nieleze kesho unaenda kufanyiwa nini," na akikwama namrudishia daktari hata kama thieta wanapiga simu, sababu jina langu liko pale chini kama shahidi.

Inayoniuma zaidi ni mama mjamzito, akili zake timamu kabisa, anaambiwa tungoje bwanako asaini. Hapana jamani. Mtu mzima anayejielewa anajisainia. Bwana ashirikishwe kama mama anataka, lakini mwili ni wa nani? Ndugu wanaingia pale mgonjwa mwenyewe hawezi kuamua. Na kama ni dharura, mtu hajitambui na kuchelewa kutamuua, kifungu cha 9 cha hiyo Sheria ya Afya kinaturuhusu kumtibu, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Ila ruhusa ya jambo moja haimaanishi ruhusa ya lingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilimpa haki mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi, aliyefungwa mirija ya uzazi wakati wa upasuaji wa kujifungua bila ridhaa yake. Miaka ilipita kabla ajue ni kwa nini hashiki mimba tena. Ndio maana nawasihi kina mama muulize mambo ya upasuaji na uzazi wa mpango mapema huko kliniki, uchungu ukishakushika utasaini chochote.

Na ukiamua kukataa usitoroke usiku na sindano ya dripu ikiwa bado mkononi. Waambie. Unaweza kuombwa uandikishe kwamba umekataa, soma kwanza ndio usaini. Kukataa opresheni sio kukataa dawa za maumivu wala kuoshwa kidonda, na hakuna nesi ana ruhusa ya kukununia kwa sababu hiyo. Hata kama ulishasaini jana na leo roho haitaki, waambie wangoje, mradi tu useme kabla hawajakudunga ile dawa ya usingizi.