Jibu: Safari ya mashua mto Ruvu na ugonjwa wa miguu na midomo

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini safari yenu ya mashua mto Ruvu iahirishwe ilhali ugonjwa wa miguu na midomo huwashika ng'ombe, si watu. Hatari iko ukingoni, kwani kirusi hukaa kwenye tope la viatu na kamba ya nanga, nanyi mkakishusha kwenye malisho mengine. Uingereza, mwaka 2001, ugonjwa huu ulipozuka, njia za miguu mashambani zilifungwa, na mifugo zaidi ya milioni 6 ikauawa ili kuuzuia. Ng'ombe ndiye benki ya mfugaji, kwa hiyo nawasihi msubiri. Mkilazimika kwenda, msiteremke mahali mifugo inaponyweshwa. Mkirudi, sugueni viatu kwa brashi hadi tope lote litoke, ndipo mtie dawa ya kuua virusi, kwa sababu dawa haipenyi tope.